Jangwa si tupu: dhana potofu kuhusu wanyama wa jangwani, na ukweli wake

Mwambie mtu achore jangwa. Atachora matuta ya mchanga, ngamia, jua kali na dungusi kakati pembeni. Hilo dungusi ndilo kosa la kwanza. Asili ya mimea ya jamii hiyo ni Amerika, na karibu yote inayoonekana Afrika ililetwa na watu. Kule Laikipia mimea hiyo imekuwa adui wa malisho: miiba midogo ya matunda yake huwachoma mbuzi, ng'ombe na hata tembo midomoni. Kwa upande wa wanyama makosa ni mengi zaidi, na baadhi yake hugharimu uhai.

"Jangwa ni mchanga mtupu"

Jangwa hupimwa kwa mvua, si kwa mchanga. Kipimo kinachotumika sana ni mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka. Ndiyo maana Antaktika, penye barafu tele, inahesabiwa kuwa jangwa kubwa kuliko yote duniani. Katika Sahara yenyewe matuta ya mchanga hayazidi robo ya eneo, au karibu na hapo. Kwingine kote ni mawe, miamba na changarawe. Chalbi, kule Marsabit, ni kitako cha ziwa lililokauka, ardhi tambarare yenye ganda jeupe la chumvi. Mvua kubwa ikinyesha hugeuka tope la kuzamisha lori.

Aina ya ardhi ndiyo inayoamua nani anaishi wapi. Adaksi, swala wa Sahara ambaye manyoya yake huwa karibu meupe majira ya joto na ya kijivu majira ya baridi, ana kwato pana zinazomzuia kuzama mchangani. Mbuzi mawe, swala mdogo wa miambani, husimama juu ya ncha za kwato zake. Umbo hilo linamfaa kwenye mwamba, na mchanga ungemchosha bure. Punda milia wa Grevy, yule mwenye milia myembamba, tumbo jeupe na masikio makubwa ya mviringo, hakai katikati ya Chalbi. Anakaa penye nyasi na vichaka: Samburu, Isiolo, Laikipia, sehemu za Marsabit, na kidogo Ethiopia. Wamebaki takriban 3,000, wengi mno wakiwa Kenya. Kusema mnyama "anaishi jangwani" bila kutaja ardhi gani ni kama kusema samaki anaishi majini bila kusema ni maji ya chumvi au maji baridi.

Na mamba je? Wapo. Katika milima ya Ennedi, nchini Chad, kuna bwawa lililozungukwa na kuta za mwamba, Guelta d'Archei, na humo wamebaki mamba wachache wa Afrika Magharibi tangu zama ambazo Sahara ilikuwa na mito na maziwa. Ngamia hunywa maji hayo hayo. Nasi hatuhitaji kwenda mbali: Ziwa Turkana limezungukwa na nchi kame pande zote, na mamba wake huzaliana Kisiwa cha Kati.

"Nundu ya ngamia ni tangi la maji"

Nundu ni mafuta. Ngamia aliyeshiba anaweza kuwa nayo hata kilo 36. Aliyepitia ukame nundu yake hulegea na kulala upande, jambo ambalo mfugaji yeyote wa Wajir au Mandera hulisoma kwa jicho moja. Ndama huzaliwa bila mafuta hayo. Faida ya kuyaweka yote mgongoni ni kwamba mwili uliobaki haufunikwi na tabaka la mafuta, kwa hiyo joto hupata njia ya kutoka.

Wapo wanaojitetea kwamba mafuta yakichomwa mwilini hutoa maji. Ni kweli, gramu moja ya mafuta hutoa zaidi kidogo ya gramu moja ya maji. Lakini kuyachoma kunahitaji oksijeni, oksijeni inahitaji kupumua, na kila pumzi katika hewa kavu hutoka na unyevu. Ukipiga hesabu yote, faida inayeyuka.

Siri ya ngamia iko kwingine. Kwanza, joto la mwili. Ngamia mwenye kiu huanza asubuhi akiwa na nyuzi 34 hivi na kuliacha joto lipande hadi 40 au zaidi alasiri, ndipo aanze kutoa jasho kwa kweli. Usiku, hewa ikipoa, joto hilo hutoka lenyewe bila kutumia tone la maji. Kwa ngamia wa kilo 500, kuliweka joto hilo mwilini badala ya kulitoa kwa jasho huokoa kama lita 5 kwa siku. Ngamia anayenywa kila siku hafanyi hivyo. Joto lake hubadilika kwa nyuzi 2 tu hivi.

Pili, anavumilia kupoteza maji hadi robo ya uzito wake, kiwango ambacho kingemuua binadamu mapema sana. Figo zake hukamua mkojo ukawa mzito, na kinyesi hutoka kikavu kiasi cha kufaa kuwashia moto. Tatu, akifika kisimani hunywa lita 100 na zaidi ndani ya dakika 10 hadi 15. Mnyama mwingine akinywa hivyo damu yake itageuka nyepesi ghafla na chembe nyekundu zitapasuka. Chembe za ngamia zina umbo la yai, na zinaweza kuvimba zaidi ya mara mbili bila kupasuka.

Yote haya yana kikomo. Misimu ya mvua ilipokosekana mfululizo kaskazini mwa Kenya kuanzia mwishoni mwa 2020, ngamia nao walikufa. Anayesema "ngamia hafi kwa ukame" na kwa sababu hiyo akachelewa kumpelekea maji ngamia anayenyonyesha, atampoteza mama na ndama.

Kosa jingine linaloandamana na hili ni kudhani ngamia wa Sahara na Uarabuni ni wa porini. Ngamia wote wa nundu moja wanaoonekana huko wana wenyewe, hata kama wanazurura bila mchungaji. Wale wa Australia ni wazao wa ngamia waliopelekwa na watu katika karne ya 19. Ngamia wa kweli wa porini ni wa nundu mbili, yuko jangwa la Gobi, Mongolia na China, amebaki takriban 1,000, na baridi anayoipata hushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri.

"Wanyama wa jangwani hawahitaji maji"

Wanayahitaji, wanatofautiana njia ya kuyapata. Choroa, swala mkubwa mwenye pembe ndefu, wa kaskazini mwa Kenya anaweza kukaa muda mrefu bila kwenda kisimani, na sababu mojawapo iko kwenye saa ya kula. Kuna kichaka kidogo ambacho wataalamu wamekuwa wakikiita *Disperma*. Mchana majani yake yamekauka hadi yanavunjika mkononi, maji ndani yake asilimia 1 tu. Usiku hewa inapopoa na unyevu wake kupanda, majani yaleyale hufyonza unyevu huo hadi kufikia asilimia 40 hivi. Choroa anayekula usiku anakula na kunywa kwa mkupuo mmoja. Ukimnyima usiku wake, kwa taa na injini, umemnyima kisima.

Punda milia wa Grevy hawezi hilo. Dume huvumilia hata siku 5, lakini jike anayenyonyesha lazima anywe kila siku moja au mbili. Mchana visima hukaliwa na mifugo, kwa hiyo hunywa usiku. Kisima cha kuchimbwa mtoni kikizungushiwa boma la miiba jioni ili kisichafuliwe, punda huyo hana pa kwenda. Boma liachwe na mlango, au ibaki birika moja wazi. Serikali ya Kenya ilipohesabu wanyama waliokufa kwa ukame kati ya Februari na Oktoba 2022, punda milia wa Grevy walikuwa 49. Kwa jamii iliyobaki na idadi ndogo vile, hilo ni pigo zito.

Kisa cha mbawakawa wa Namib nacho kimepotoshwa sana. Inasimuliwa kila mahali kwamba mbawakawa mwenye vinundu mgongoni hukamata ukungu kwa vinundu hivyo, na hata vifaa vya kuvuna maji vimebuniwa kwa kumuiga. Walioshuhudiwa jangwani wakisimamia kichwa ili kunywa ukungu ni wa jenasi *Onymacris*, aina mbili tu kati ya 200 hivi za familia yao katika Namib, na migongo yao haina vinundu hivyo. *Onymacris unguicularis* hupanda kilele cha tuta alfajiri, huelekea upepo unaotoka Atlantiki, huinua matako na kushusha kichwa. Ukungu huganda mgongoni, matone huteremka kwenye mifereji ya mwili hadi mdomoni. Waliopimwa kabla na baada waliongezeka uzito kwa wastani wa asilimia 12, na mmoja alifika 34. Tabia hii ilielezwa mwaka 1976 kutokana na kazi iliyofanyika Gobabeb, Namibia. Mwenye vinundu amepewa sifa isiyo yake.

"Wamezoea joto, haliwadhuru"

Kosa hili ni la madereva. Choroa aliyenyimwa maji amepimwa akiwa na joto la mwili la nyuzi 45 na akaishi. Kinachomwokoa ni ubongo kubaki na joto la chini zaidi: damu iliyopozwa puani kwa kuhema hupita kando ya mishipa midogo inayopeleka damu kichwani, na kuipoza kabla haijafika. Mfumo huo unataka mnyama aliyetulia kivulini. Ukimfukuza kwa gari saa saba mchana kwa ajili ya picha, misuli yake inazalisha joto kuliko pua inavyoweza kupoza, na maji ya kuhema anayotumia hakuyapanga. Anaweza kukimbia akapotea machoni, akafa baadaye mahali ambapo hutamwona. Akianza kutembea kukuondokea, zima injini. Asipotulia, rudi nyuma.

"Jangwa likiachwa, wanyama watarudi wenyewe"

Wasomaji wa Oman wanakijua kisa hiki kwa uchungu. Choroa mweupe wa Uarabuni, maha, aliangamizwa porini mwaka 1972. Wa mwisho waliuawa Jiddat al-Harasis. Aliokoka kwa sababu kundi dogo lilikuwa limekusanywa mapema na kufugwa Phoenix, Arizona. Aliporudishwa Oman mwaka 1982 hakufunguliwa tu lango: walikaa kwanza ndani ya ua hadi wakawa kundi lenye mpangilio, na Waharasis, wenyeji wa jangwa hilo, wakaajiriwa kuwafuata na kuwalinda. Wakaongezeka. UNESCO ikaiorodhesha hifadhi yao mwaka 1994. Kuanzia 1996 majangili wakarudi, wakiwakamata wakiwa hai ili wauzwe. Idadi ikaporomoka kutoka 450 hadi 65, hifadhi ikapunguzwa kwa asilimia 90, na mwaka 2007 ikawa mahali pa kwanza duniani kufutwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Jangwa lilikuwa lilelile. Kilichopungua ni ulinzi.

Chad imeanza kazi kama hiyo mwaka 2016 kwa choroa wa pembe zilizopinda kama upanga, aliyekuwa ametangazwa kwisha porini mwaka 2000. Leo wanazaliana tena katika hifadhi ya Ouadi Rimé–Ouadi Achim.

Machache ya haraka

Mbuni hafukii kichwa mchangani. Huinamisha kichwa kugeuza mayai kwenye shimo la kiota, au hulaza shingo chini asionekane. Yule buibui mkubwa wa rangi ya mchanga anayekimbia kukufuata hana sumu na wala si buibui. Anakifuata kivuli chako. Simama, au toka, atabadili njia.

La nyoka lisichukuliwe haraka. Kaskazini mwa Kenya kuna nyoka mdogo, *Echis pyramidum*, mara nyingi hafiki sentimita 60, anayesugua magamba yake akatoa sauti kama mafuta ya kukaangia. Watu humdharau kwa udogo wake. Sumu yake huzuia damu kuganda. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Vua pete na bangili, funga kiungo kwa gango kisitikisike, peleka mgonjwa hospitali. Kituo kisicho na maabara kinaweza kuweka mililita 2 za damu kwenye chupa safi kavu ya kioo, kuiacha dakika 20 bila kuitikisa, kisha kuiinamisha: ikitiririka, sumu imeshaingia kazini. Na dawa ya kupinga sumu iwe inayotaja *Echis* wa Afrika. Ile ya mchanganyiko inayotengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya swila, koboko na kifutu haimfai huyu.

"Ndege akiruka kisimani, atarudi baadaye"

Firigogo hutaga chini, mbali na maji, na vifaranga wake hawawezi kuruka. Dume ndiye anayewaletea maji, hata kutoka kilomita 30. Manyoya ya tumbo lake yamejipinda kwa namna inayoshika maji kama sifongo. Huingia majini hadi tumboni, huyumbayumba kuyalowesha, akaondoka na mililita 25 hivi. Vifaranga huyanyonya kwenye manyoya. Kulowa kwenyewe huchukua dakika kadhaa, wakati mwingine robo saa. Ukishuka kwenye gari katikati ya dakika hizo, anaruka na tumbo kavu. Kaa ndani, vioo juu, mpaka utakapomwona akinyanyuka kwa uzito, tumbo limegeuka jeusi kwa maji.