Ukitaka kuishi kimonaki nyumbani, fungua mlango

Nimeulizwa tena, safari hii na baba wa watoto wanne anayetaka kuwa mwoblati, yaani mlei (muumini asiye padre wala mtawa) anayefungamana na monasteri huku akiishi kwake: "Bruda, nikiwa mwoblati, mke wangu atanielewa nikijifungia chumbani kila jioni?" Hatakuelewa, na mimi niko upande wake.

Sijui nani aliwaambia walei kwamba umonaki, maisha yetu sisi watawa wa monasteri, ni ukimya na mlango uliofungwa. Mnakuja mafungo kwenye monasteri za Peramiho, Ndanda au Hanga, mnalala nyumba ya wageni, mnasikiliza zaburi, mnakula chakula msichokipika, kisha mnarudi Dar mkidhani mmeonja maisha yetu. Mmeonja ugeni. Sufuria zile kuna mmonaki aliyezisugua.

Ya msingi nayapitia haraka. Mwoblati haweki nadhiri, anatoa ahadi. Anafungamana na abasia moja, yaani monasteri inayoongozwa na abate. Anabaki mlei, na ndoa yake na kazi yake. Habari za kanzu na skapulari (vazi la mtawa la kuning'inia mabegani) mtaani, sahau.

Sasa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kitabu kinachoongoza maisha yetu. Ina sura 73, ila wengi wenu mnaganda kwenye ya 6, ile ya ukimya. Sogeeni hadi ya 35. Ndugu wanapokezana zamu ya jikoni kila wiki. Anayemaliza zamu hufanya usafi Jumamosi, hufua vitambaa ambavyo wenzake walifutia mikono na miguu, na humrudishia mtunza ghala vyombo vikiwa safi na vizima. Huyo mtunza ghala, sura ya 31 inamtaka avitazame vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Vyote, pamoja na ndoo. Sura ya 36 inawaweka wagonjwa mbele ya yote. Halafu mama anayemgeuza mkwewe kitandani usiku wa manane ananijia na huzuni kwamba amekosa Masomo, mojawapo ya sala zetu za vipindi! Mama, pumzika. Kesho sali Masifu ya Asubuhi, inatosha.

Lakini msinigeuzie maneno mkasema kazi ndiyo sala yenu. Ule msemo "sala na kazi" mnaoupenda haumo ndani ya Kanuni. Kilichomo ni sura ya 43: ishara ya sala ikisikika, acha ulichoshika mkononi, nenda upesi. Mwenye duka anaweza kuwaomba wateja wamsubiri kidogo. Kwa M-Pesa isiyo na mtandao mbona wanasubiri?

Linalonisumbua mimi ni sura ya 33. Inamkataza mmonaki kumiliki chochote, hata kalamu. Mlei ana ada ya shule, ana kiwanja, ana mkopo wa SACCOS. Sisi walezi wa waoblati huwa tunajibu "tumieni kwa kiasi", kisha tunafungua ukurasa unaofuata. Nadhani tunakwepa. Na mwalimu aliyehamishwa kutoka Songea kwenda Kigoma, udumifu wake, ule wa kubaki na jumuiya moja, uko wapi? Jina lake limo katika daftari la abasia, zaburi anasali peke yake. Nimewauliza wazee wa jumuiya yetu, na kila mmoja ana jibu lake.