Kifaranga amejikunyata: kabla hujaulizia dawa

Simu za vifaranga huwa zinaingia saa tatu usiku, maduka ya pembejeo yakiwa yameshafungwa. Hii ya Julai ilitoka kwa mama mmoja hapa Morogoro, aliyekuwa na vifaranga 50 chotara wa siku tatu.

"Daktari, kuna mmoja amejikunyata, hali wala hanywi. Nimpe dawa gani?"

"Shikamoo mama. Hebu mchukue, miguu yake iguse shavu lako. Ikoje?"

Kimya kidogo. "Marahaba. Ya baridi, mwanangu. Kama imetoka kwenye maji."

Basi dawa tukaiweka kando. Kila anayenipigia namwambia jambo hili moja: joto kwanza, halafu maji, halafu chakula. Dawa ni ya mwisho, na mara nyingi hamtaifikia. Ukivuruga mpangilio huo unaweza kumuua kifaranga ambaye angepona.

Kifaranga wa siku tatu ana gramu 40 hivi, na yale manyoya yake laini hayamsaidii sana. Mpaka atimize wiki mbili au tatu hawezi kulinda joto la mwili wake mwenyewe. Anategemea mama yake, na kama mama hayupo, anategemea bruda, yaani boksi lililopashwa joto la kulelea vifaranga. Akipoa, tumbo nalo linasimama. Ukimsokomezea chakula mdomoni akiwa katika hali hiyo, kinabaki kwenye gole, ule mfuko ulio chini ya shingo, na kuchacha humo humo. Watu wanafanya hivyo kwa huruma, na asubuhi wananiambia "alikula vizuri tu jana usiku".

Nilimwuliza mama bruda lake linapashwa na nini. Taa. Taa gani? Ile ya zamani iliungua juzi, kijana wa nyumbani akafunga enaji seva. Hapo nikaelewa. Enaji seva inatoa mwanga bila joto la maana. Ukiishika kwa kiganja utaona mwenyewe. Bruda lilikuwa linang'aa kama duka la dhahabu na vifaranga wanaganda ndani yake.

Kwa usiku ule tulitumia kilichokuwepo: chupa mbili za lita moja na nusu zenye maji ya moto, zikazungushiwa kanga ili zisiwaunguze, zikalazwa katikati ya maranda. Mgonjwa akaingia kwenye kiboksi kidogo, chupa moja ubavuni, na upande wa pili nafasi ya kusogea akizidiwa na joto. Nafasi hiyo usiisahau, kifaranga dhaifu aliyebanwa na joto anakauka kama dagaa. Maji ya chupa yanabadilishwa kila yanapopoa, kwa hiyo mama hakulala.

Wiki ya kwanza unatafuta nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, ukipima pale chini wanapolala, si juu ya boksi. Kila wiki unapunguza kama nyuzi tatu. Huna kipimajoto? Waangalie wenyewe. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni, midomo wazi na mabawa yameachia, joto limezidi. Wote wakibanana upande mmoja, tafuta upepo unapoingilia. Walio sawa wametawanyika, wengine wanadonoa, wengine wamelala ubavu au kifudifudi kama wamekufa. Kwa ajili ya hao waliolala nimeshapigiwa simu mara nyingi. Mguse kidogo, ataamka na kukushangaa.

Wanaotumia jiko la mkaa au chungu cha makaa, nawaomba sana: chumba kisizibwe kwa nailoni mpaka juu. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kisichopitisha hewa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na sumu hiyo haichagui kati ya vifaranga na mtoto anayelala chumba kile kile. Ziba chini upepo usiwapige, acha juu pawe wazi.

Miguu ikishapata joto na macho yakafunguka, sasa mpe maji. Yawe ya uvuguvugu, na sukari kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, kwa siku ya kwanza tu. Sukari ya siku nyingi inamharisha. Usimkandamize mdomo na kumwagia maji kwa sindano. Tundu la hewa liko palepale nyuma ya ulimi. Tone likikosea njia linaingia kwenye mapafu. Chovya ncha ya kidole, gusa ukingo wa mdomo, subiri ameze. Tone, anameza, tone. Ni kazi ya dakika kumi na inachosha. Akianza kudonoa mwenyewe, mwekee chakula cha vifaranga kilicholowekwa kidogo, na kikikaa saa chache kitupe.

Ukiwa bado naye mkononi, mgeuze umtazame nyuma. Mara nyingi utakuta kinyesi kimeganda na kuziba njia ya haja, na aliyezibwa hivyo hamalizi siku nyingi. Lowesha kwa pamba na maji ya vuguvugu mpaka kilainike chenyewe, kitoe taratibu, mkaushe, mpake mafuta ya mgando. Usivute kikiwa kikavu, utamchuna ngozi. Na tafadhali tofautisha njia ya haja na kitovu. Kitovu kiko tumboni, mbele ya njia ya haja, na kifaranga mchanga anaweza kuwa na kigaga kidogo cheusi pale. Nimeona mtu akikibandua kigaga hicho akidhani ni uchafu, utumbo ukatoka.

Kitovu kikiwa kimelowa, tumbo limevimba na kuna harufu ya kuoza, kiini cha yai kilichobaki ndani kimeingiwa na vijidudu. Hapo sina maneno matamu: wengi hufa ndani ya wiki ya kwanza hata ukiwapa dawa. Chanzo huwa ni mayai machafu au mashine ya kutotolea isiyosafishwa, kwa hiyo wakiwa wengi hivyo, swali lako lielekee kule ulikowanunua.

Kuhusu dawa zenyewe, kinachonikera ni ule unga wa antibiotiki unaotiwa kwenye maji ya bruda zima kwa sababu mmoja kasinzia. Antibiotiki haitibu baridi. Haitibu kideri wala gumboro pia. Hayo ni ya virusi, na kinga yake ni chanjo iliyotolewa kwa wakati. Kuhara damu kwa kuku wa wiki tatu kwenda mbele, maranda yakiwa yamelowa, kwanza nashuku koksidia, kimelea cha utumbo, na dawa yake inajulikana: amproliamu, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Ila usiichanganye na vitamini siku hizo hizo. Amproliamu inafanya kazi kwa kujifananisha na vitamini B1 ili kimelea kikose ile ya kweli. Ukimwaga vitamini juu yake unakilisha kimelea unachotaka kukiua. Kifaranga wa siku tatu akiharisha, koksidia bado haijapata muda wa kukomaa tumboni mwake. Mharo mweupe na vifo vinavyoongezeka kila asubuhi ni habari nyingine: peleka maiti mbili tatu mbichi kwa daktari wa mifugo zipasuliwe, maana pulorumu, ugonjwa wa bakteria, inatoka kwa kuku mama kupitia yai na haiishi kwa kubahatisha.

Miguu iliyotanuka pande mbili mara nyingi ni kosa la gazeti lililotandikwa kwenye bruda. Kifaranga anateleza juu yake, nyonga zinaachia. Tandika maranda au gunia, umfunge miguu kwa kipande chembamba cha plasta ukiacha nafasi ya kusimama, kwa siku tatu hivi. Akiwa mdogo ananyooka.

Baada ya yote hayo nawa mikono kwa sabuni, na watoto wasiwabusu vifaranga. Salmonela, kijidudu kinachoharisha watu, kinakaa hata kwa anayeonekana mzima.

Saa kumi na mbili asubuhi mama alinipigia. Mgonjwa alikuwa amesimama, amekunywa, halafu akalala tena. Siku ya pili yake alikufa. Mama alinipa taarifa kwa sauti ndogo, kama anayepiga simu ya msiba, akaniuliza kama kuna alichokosea. Nikamwambia huyo alishapoa muda mrefu kabla hajanipigia, halafu nikamwuliza wale 49. Akasema ameshapata balbu ya zamani kwa fundi wa mtaa wa nyuma, ameining'iniza kwa kamba anayoweza kuishusha, na kwamba wanamwaga maji kila saa. Tukaanza kuongelea namna ya kuinua chombo cha maji kwa matofali.