Hakuna "kodi ya bonasi", ila kuna hesabu usiyoipiga

Kila msimu wa bonasi ukifika, kuanzia Kampala hadi Mbarara, lawama ni ile ile: "URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda) wana kodi yao maalumu ya bonasi." Hawana. Sheria ya Kodi ya Mapato inaitaja bonasi pamoja na mshahara, malipo ya likizo, ovataimu na posho. Vyote ni mapato ya ajira, vinatiwa kapu moja na kukatwa PAYE, kodi ambayo mwajiri huikata kabla ya kukulipa, kwa viwango vile vile vilivyoanza Julai 2012.

Kinachowachanganya watu ni ngazi. Kwa mwezi, shilingi 235,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 335,000 ni asilimia 10, hadi 410,000 ni asilimia 20, na kinachozidi 410,000 ni asilimia 30. Ngazi za chini unazipata mara moja tu kwa mwezi, na mshahara unaozidi 410,000 umeshazimaliza. Kwa hiyo bonasi inatozwa asilimia 30 tangu shilingi yake ya kwanza.

Chukua mshahara wa 2,000,000. PAYE ni 502,000, NSSF (akiba ya uzeeni) ya mfanyakazi, asilimia 5, ni 100,000, mkononi zinabaki 1,398,000. Mwezi huo ongeza bonasi ya 2,000,000. Jumla ni 4,000,000, PAYE inafika 1,102,000, NSSF 200,000, na mkononi zinabaki 2,698,000. Bonasi ya milioni 2 imekuongezea 1,300,000. Hakuna aliyeiba. Mshahara ulitozwa wastani wa takriban asilimia 25 kwa sababu ulipitia zile ngazi za chini, bonasi ikatozwa 30 kamili.

Kwa hiyo, kama mshahara wako umevuka 410,000 na jumla ya mwezi haifiki milioni 10, zidisha bonasi kwa 0.65 kabla hujamwahidi mtu karo au mabati. Ni sekunde tano za kikokotoo cha simu. Watu hawazitumii, halafu Januari wanamkalia kooni karani wa mishahara.

Jumla ya mwezi ikizidi milioni 10, ile ziada pekee inaongezewa asilimia 10 nyingine. Mwenye mshahara wa milioni 8 akipewa bonasi ya milioni 8 anafika milioni 16; milioni 6 za juu zinatozwa asilimia 40. Anabaki na 4,600,000 za bonasi. Lakini sheria yenyewe inaweka mpaka huo kwa mwaka, shilingi milioni 120. Kama mapato yako ya Julai hadi Juni hayakufika hapo, wasilisha ritani (taarifa ya mapato na kodi) ya mwaka na udai kilichozidi.

Hapo ndipo penye ukweli mdogo wa ule ushauri wa "omba bonasi kwa mafungu mawili." Kwa mwenye mshahara unaozidi 410,000, unasaidia pale tu ambapo fungu moja lingemvusha milioni 10. Vinginevyo kodi yake ni ile ile, amejichelewesha tu.

"Bonasi ya mwezi mmoja ni sawa na mshahara wangu." Soma sera ya kampuni. Mara nyingi kipimo ni mshahara wa msingi, bila posho, kisha unapunguzwa kulingana na miezi uliyofanya kazi mwaka huo na kuzidishwa kwa alama ya utendaji. Anayepokea 2,000,000, ambapo msingi ni 1,400,000, aliyeajiriwa Aprili na kupewa alama ya asilimia 80, hesabu yake ni 1,400,000 × 9/12 × 0.8, yaani 840,000. Toa 252,000 za PAYE na 42,000 za NSSF: 546,000. Pengo kubwa lilitokea kabla kodi haijagusa chochote.

"NSSF inapunguza PAYE." Haipunguzi. PAYE inakokotolewa kabla ya ile asilimia 5 kutolewa. Lakini hiyo asilimia 5 si hasara: mwajiri anaongeza 10 yake, hivyo bonasi ya milioni 2 inaingiza 300,000 kwenye akaunti yako.

"Ni kodi ya huduma ya mtaa imekula." Hiyo hukatwa Julai hadi Oktoba, na haizidi 100,000 kwa mwaka mzima. Usiisingizie bonasi ya Desemba.

"Bonasi ni haki yangu kisheria." Sheria ya Ajira ya 2006 haimlazimishi mwajiri kutoa bonasi wala mshahara wa mwezi wa kumi na tatu. Inakuwa haki ikiwa imeandikwa kwenye mkataba wako.

Unachostahili bila kubembeleza ni hati ya mshahara inayoonyesha kila kato. Ikague kwa mpangilio huu: bonasi kabla ya makato, PAYE ya mwezi huu ukitoa ya mwezi uliopita, NSSF, kisha mkopo wa SACCO au adivansi ya Oktoba uliyokwisha kuisahau.