Unaogopa kemo? Homa ndo ya kuogopa: maswali ninayoulizwa na wagonjwa wa kansa ya titi

Sista, hiyo kemo ni nini hasa?
Ni dawa zinazoua seli zinazojigawa haraka. Nyingi unawekewa kwa dripu, unapumzika wiki mbili au tatu mwili urudi, unawekewa tena. Seli za kansa zinajigawa haraka, ila hata mizizi ya nywele, ngozi laini ya ndani ya mdomo na tumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu navyo viko hivohivo, ndo maana madhara yanajitokeza huko.

Nywele zitatoka zote?
Kwa dawa nyingi za kansa ya titi, ndiyo, zinaanza kutoka kama wiki mbili tatu baada ya dozi ya kwanza, na nyusi zinaweza kufuata. Zikishaisha dozi zinaota tena. Najua inauma na sipendi mtu anayemwambia mgonjwa "ni nywele tu", lia kama unataka kulia, nyoa mapema kama kuziokota kwenye mto kunakuchosha. Ila nywele kutoka hakuui mtu. Kuna kitu kingine kinaua, na karibu hakuna anayekuja kuniuliza kabla hajaanza dozi.

Nasikia watu wanatapika mpaka wanatamani kufa.
Zamani hali ilikuwa mbaya kweli. Siku hizi unapewa dawa za kuzuia kutapika kabla dripu haijaanza, kama ondansetron na dexamethasone, halafu nyingine unaenda nazo nyumbani. Shida ni kwamba watu wanazitunza kwenye mkoba wanasubiri kwanza watapike! Zimeze kwa saa ulizoandikiwa hata kama tumbo limetulia, kichefuchefu kikishashika ni kazi kukituliza. Kama hata maji hayakai tumboni, rudi hospitali. Na ukiwekewa ile dawa nyekundu, doxorubicin, mkojo unaweza kuwa mwekundu siku moja mbili, hiyo ni rangi ya dawa sio damu.

Nikipata homa usiku nimeze Panadol nisubiri kukuche?
HAPANA. Hapa ndipo tunapopoteza watu, na inaniuma kwasababu ni watu waliovumilia nywele, waliovumilia kutapika, halafu homa ya usiku mmoja inawaondoa. Iko hivi, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi seli nyeupe za damu zinashuka sana, na hizo ndo askari wa mwili, kwahiyo hata bakteria wa mdomoni au tumboni mwako mwenyewe wanaweza kuingia kwenye damu na wasipate wa kuwazuia. Unaweza usione usaha wala uvimbe, dalili ikawa ni homa peke yake. Joto likifika 38 au likizidi, au ukitetemeka kwa baridi hata kama kipimajoto kinasoma chini ya hapo, nenda hospitali saa hiyohiyo. Unatakiwa uanzishiwe antibayotiki za mshipani haraka, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu ufike.

Lakini nikimeza Panadol homa inashuka na najisikia vizuri.
Bado hapana. Panadol imeshusha joto, bakteria wako palepale wanaongezeka, na wewe umelala ukijua umepona. Pima joto kwanza kabla ya kumeza chochote, na ikiwa 38 nenda.

Si inaweza kuwa mafua tu?
Inaweza. Wewe nyumbani hutajua, na mimi kwa simu sitajua, kipimo cha damu ndo kitajua. Nenda! Ukifika usikae kwenye foleni kimya kwa adabu, sema mlangoni "niko kwenye kemo na nina homa", waonyeshe kadi yenye majina ya dawa zako na tarehe ya dozi ya mwisho. Na nyie ndugu mnaomwambia mgonjwa "subiri tuone asubuhi", tafadhali sana muache.

Naweza kukumbatia watoto wangu?
Kumbatia. Kansa haiambukizi. Mwenye mafua au kikohozi ndo akae mbali kidogo, na wote mnawe mikono.

Dozi iliyopita nililazwa kwa homa, naogopa kurudi. Nikiacha?
Usijikatishie mwenyewe na usipotee kimyakimya, maana kansa haipumziki wakati wewe unapumzika. Mwambie daktari yaliyokupata: anaweza kupunguza dozi, kuisogeza mbele, au kukuandikia sindano za kuongeza seli nyeupe, na damu yako inapimwa kabla ya kila dozi ili tujue kama mwili uko tayari. Ganzi ya vidole nayo isemwe mapema, hasa kwa dawa kama paclitaxel, ukinyamaza inaweza kubaki. Mitishamba na vidonge vya kuongeza nguvu usichanganye bila kutuambia, vingine vinagombana na dawa. Na kabla ya dozi ijayo nunua kipimajoto, kaa nacho karibu na kitanda, na anayelala nyumbani na wewe ajue kukisoma.