Usinihesabie samaki, nipimie chakula

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wanaotaka kuanza akwaponiki, yaani kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yale yale, ni hili: "Nikiweka samaki mia moja, niandae eneo gani la mboga?" Swali hilo halijibiki, kwa sababu idadi ya samaki haisemi kitu. Chukua vifaranga mia wa sato wenye gramu 5 kila mmoja. Kwa jumla hiyo ni nusu kilo ya samaki, wanaokula kama gramu 40 kwa siku, na uchafu wao unalisha mita moja tu ya mraba ya letusi, au pungufu. Samaki hao hao wakifika gramu 300 kila mmoja wamekuwa kilo 30. Ukiwalisha asilimia 2 ya uzito wao, unatupa gramu 600 za chakula kila siku, na hapo unaweza kuhudumia mita za mraba 12 za mboga za majani. Tangi ni lile lile, samaki ni mia wale wale.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mfumo wenyewe: maji ya tangi la samaki hupita kwenye chujio, bakteria wanaoishi humo huigeuza amonia kuwa mbolea, mimea huinyonya, kisha maji yaliyopoa makali hurudi kwa samaki. Hakuna udongo, na maji humwagwa mara chache sana. Karibu kila kirutubisho anachopata mchicha wako kimeingilia mlango mmoja, nao ni mkono wako unapotupa chakula tangini. Ndiyo maana kipimo tunachofanyia kazi ni gramu za chakula kwa mita ya mraba ya mimea kwa siku. Mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2014 kuhusu mifumo midogo unataja gramu 40 hadi 50 kwa mboga za majani, na 50 hadi 80 kwa mazao ya matunda kama nyanya. James Rakocy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, kule St. Croix, walifanya kazi na gramu 60 hadi 100 kwenye mboga zinazoelea juu ya maji. Usidhani mmoja kakosea. Mfumo wa Rakocy ulikuwa unatoa kinyesi nje mapema, na virutubisho vilivyofungwa ndani yake vinaondoka nacho. Kwenye vitanda vya kokoto, ambamo mimea inaota kwenye mawe badala ya kuelea, kinyesi kinabaki, kinaoza taratibu, na mimea inakula mpaka makombo.

Somo kubwa nililolichukua kwa Rakocy si hizo namba, ni mpangilio wa matangi yake. Alikuwa na matangi manne ya samaki wa umri tofauti. Samaki walikaa wiki 24, na kila baada ya wiki 6 tangi moja lilivunwa na kuwekwa vifaranga wapya. Matokeo yake, jumla ya chakula kinachoingia kwenye mfumo haikupanda wala kushuka sana, na mboga zilipata mlo ule ule mwaka mzima. Mtu wa nyumbani anaweza kuiga hilo kwa udogo wake. Akiniambia ana nafasi ya tangi la lita 3,000, namwambia anunue matatu ya lita 1,000. Tangi moja kubwa lina kipindi cha njaa mwanzoni na kipindi cha kufuru mwishoni, na siku ya mavuno mboga zote zinaachwa bila mpishi.

Sasa tufuate kilo moja ya chakula. Tuseme ina protini asilimia 32. Kwenye protini, naitrojeni ni kama asilimia 16, kwa hiyo kilo hiyo imebeba takriban gramu 51 za naitrojeni. Samaki anajenga mwili kwa karibu theluthi yake. Sehemu nyingine inatoka na kinyesi, lakini kubwa zaidi, kama gramu 30, inatoka ikiwa amonia, na nyingi kati ya hiyo haipiti tumboni: inatokea kwenye matamvua, samaki anapopumua. Kwa hiyo hata ukiwa na chujio linalokamata kila chembe ya kinyesi, amonia imeshaingia majini.

Hapo ndipo bakteria wanapoanza zamu. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili linaigeuza naitraiti kuwa naitreti, chakula cha mimea. Kwenye mfumo mpya wa sehemu zenye joto, kuwasubiri makundi yote mawili yajae huchukua wiki nne hadi sita, na hakuna njia ya mkato ya kuaminika kuliko kuomba kokoto au chujio kutoka kwenye mfumo wa mwenzako unaofanya kazi vizuri, wenye samaki wasio na ugonjwa. Kazi hii ina gharama zake. Kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa inakula gramu 4.57 za oksijeni, na inamaliza gramu 7.14 za ile akiba ya maji inayozuia asidi, ikipimwa kama kalsiamu kaboneti. Zidisha kwa 30: kilo moja ya chakula inamaliza zaidi ya gramu 200 za akiba hiyo. Ukilisha kilo kila siku, pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, lazima ishuke (ikishuka, asidi imezidi). Mfumo ambao pH yake haishuki ndio unaonitia wasiwasi, maana ama bakteria hawafanyi kazi, ama kuna kitu humo ndani kinayeyuka.

Na Dar es Salaam kitu hicho mara nyingi ni kokoto. Mawe yanayopasuliwa upande wa Kunduchi ni ya matumbawe ya kale, yaani chokaa tupu. Ni mazuri kwa kazi nyingine, lakini kwenye kitanda cha mboga yanaipeleka pH karibu na 8 na kuishikilia hapo. Kabla hujalipa lori, chukua mawe machache, yaoshe vumbi lote, yakaushe, kisha yadondoshee siki ya dukani. Inama usikilize. Jiwe la chokaa linatoa povu la viputo vidogo na mlio mwembamba wa kuchemka. Jiwe gumu la kijivu, kama lile linaloletwa kutoka Lugoba, linalowa tu na kutulia. Vumbi linaweza kukudanganya kwa sababu magari hubeba mchanganyiko, kwa hiyo jaribu mawe ya juu, ya katikati na ya chini ya lori.

Kwa nini pH ya 8 ni balaa? Kwanza, amonia ina sura mbili majini, moja kali na moja pole, na pH ndiyo inayoamua ipi itawale. Kwenye maji ya nyuzi 28, pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu kali inaongezeka karibu mara kumi, ingawa kipimo chako cha amonia kinasoma namba ile ile. Pili, madini ya chuma yanajifunga na mimea haiyapati. Utaliona hilo kwenye majani machanga: yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. (Yakiwa ya njano majani ya chini, ya zamani, fikiria naitrojeni kwanza.) Chakula cha samaki kina chuma kidogo mno kwa mahitaji ya mimea, kwa hiyo hata kwenye pH nzuri inabidi uongeze. Misumari yenye kutu haisaidii, nawaomba muiache. Kinachotumika ni chuma kilichofungwa kwenye kibebeo, na kwa pH ya 7 tafuta kilichoandikwa DTPA, si EDTA ambayo huachia mzigo wake mapema pH inapopita 6.5 hivi. Rakocy alikuwa akiweka miligramu 2 kwa lita kila baada ya wiki tatu, na mimi sijaona sababu ya kubadilisha.

Turudi kwenye pH inayoshuka, ambayo ndiyo hali ya kawaida kwenye mfumo wenye afya. Lenga kati ya 6.8 na 7. Ikikaribia 6, bakteria wanalegea na amonia inaanza kulundikana. Dawa yake ni kurudisha akiba iliyoliwa, na hapa ndipo watu wanapokimbilia magadi, kwa sababu yapo kila gengeni na yanafanya kazi siku hiyo hiyo. Magadi ni sodiamu. Mimea haina haja nayo ya maana, na kwa kuwa maji hayamwagwi, sodiamu yote uliyoweka inabaki humo na kuongezeka mwezi hadi mwezi mpaka mizizi inashindwa kunywa. Magadi ya kuokea (baking soda) ni ndugu yake yule yule. Tumia chokaa iliyozimwa leo, na kaboneti ya potasiamu wakati ujao, kwa zamu. Hivyo unapandisha pH na papo hapo unaipa mimea kalsiamu na potasiamu, vitu viwili ambavyo chakula cha samaki hakitoshelezi. Koroga kwenye ndoo, mimina kidogo kidogo mbali na samaki, tena kwa siku mbili tatu badala ya mara moja. Majivu ya kuni yana potasiamu ndani yake, ni kweli, ila kila kuni ina majivu yake, siwezi kukupa kipimo.

Hoja ya sodiamu ndiyo hiyo hiyo ninapokataa visima vya ukanda wa pwani vyenye maji ya chumvi. Samaki watavumilia, sato ni mgumu. Mboga hazitavumilia, kwa sababu kinachopotea kwa jua ni maji tu, chumvi inabaki. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya kujazia. Ya bomba yaache wazi siku nzima, klorini itoke, maana inaua bakteria bila ubaguzi.

Kinyesi kigumu kinachonaswa kwenye chujio nisikizungushe sana: kitoe kila siku, kipeleke kwenye migomba. Ukisikia harufu ya mayai viza kwenye kitanda, pana mahali maji hayapiti na oksijeni imekwisha, fukua pale.

Kuhusu samaki gani. Sato hukua vizuri kwenye maji ya nyuzi 27 hadi 30. Kwenye baridi ya Limuru au miinuko ya Arusha maji yakishuka chini ya 20 hula kwa kuonjaonja, na hasara yake unaijua sasa: asiyekula hana mbolea. Nunua vifaranga dume tupu, la sivyo majike watazaliana wakiwa wadogo na tangi litajaa dagaa usiowataka. Pwani tatizo linageuka upande wa mboga. Letusi kwenye maji ya moto inaoza mizizi au inakimbilia kutoa maua, kwa hiyo watu wa Dar, Tanga na Mombasa nawapangia rehani, mnanaa, mchicha na kitunguu majani kabla hatujaongelea letusi ya hotelini.

Kambale ni jibu langu kwa wenye umeme wa kukatikakatika. Ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, kwa hiyo pampu ikizima usiku yeye hupanda, huvuta pumzi, akashuka. Sato waliobanana wanaweza kufa kabla hujajua kuwa umeme umeondoka. Lakini uliza soko lako kwanza: Wasabato hawamli kambale kwa kuwa hana magamba, na kama wateja wako wengi ni wao umefuga hasara. Ukibaki na sato, nunua pampu ya hewa inayoendeshwa na betri kabla ya kununua hata kifaranga kimoja, na uijaribu kwa kuzima umeme mwenyewe mchana ukiwa umesimama hapo.

Wanaonipigia wakiwa na ekari mbili kando ya mto huwa nawarudisha nyumbani. Mwenye udongo mzuri na maji ya kutosha achimbe bwawa, alitie samaki, na maji yake yenye ukijani ayamwagie bustani iliyo chini ya bwawa. Atapata samaki na mboga bila pampu ya saa 24 wala vipimo vya pH. Akwaponiki ni ya mwenye paa la zege Kariakoo, ua wa saruji, au kijiji kinachonunua maji kwa ndoo. Na hao nao nawaambia mapema kwamba pesa ya kila wiki itatoka kwenye majani, maana rehani inakatwa na kuuzwa mara kadhaa kabla sato mmoja hajafika mezani, wakati chakula cha samaki kinalipiwa kila siku. Kwa hiyo akinipigia, naanza kwa kumuuliza mfuko wa chakula anaununua wapi, una protini kiasi gani, na kama ataweza kuendelea kuununua hata miezi minne baadaye.