Nyambizi za Vita Kuu ya Pili: kulinganisha teknolojia maana yake nini?

Ukiuliza ni taifa gani lilikuwa na nyambizi bora katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wengi watajibu haraka: Ujerumani. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila halitoshi. Kulinganisha teknolojia ya nyambizi si kupanga urefu, kasi na idadi ya topido (makombora yanayokwenda chini ya maji) kisha kumtangaza mshindi. Ni kuuliza chombo kilijengewa bahari gani, silaha yake ilifanya kazi kweli au la, kiliweza kuona nini usiku wa giza, na aliyekiwinda alikuwa na nini mkononi.

Kuna jambo la msingi linalosahaulika. Nyambizi za miaka ile hazikuishi chini ya maji. Injini ya dizeli haiwezi kuwaka bila hewa, hivyo chombo kikizama kilisukumwa na mota za umeme zilizotegemea betri. Chukua aina ya VII ya Wajerumani, iliyoundwa kwa mamia kuliko nyambizi nyingine yoyote ya vita hivyo. Juu ya maji toleo lake la VIIC lilikimbia karibu kilomita 33 kwa saa. Chini ya maji lilifikia 14, na kwa kasi hiyo betri ziliisha mapema mno. Likijikokota kwa kilomita 7 kwa saa, lilisafiri kama kilomita 150 tu kabla ya kulazimika kuibuka na kuwasha dizeli ili kuchaji. Kwa hiyo manahodha wa Kijerumani walishambulia misafara ya meli usiku, wakiwa juu ya maji, kwa makundi yaliyoelekezwa kwa redio kutoka makao makuu.

Mbinu hiyo ndiyo Waingereza na Wamarekani waliyoivunja, na hawakuivunja kwa kuunda nyambizi bora zaidi. Waliivunja kwa rada ya mawimbi mafupi iliyofungwa kwenye ndege na meli za ulinzi, kwa vifaa vya kutambua redio ya adui inatoka upande gani, na kwa kazi ya wataalamu wa Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kufumbua siri, waliosoma ujumbe uliofichwa kwa Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandikia kwa siri. Mwezi Mei 1943 Ujerumani ilipoteza nyambizi 41, na Karl Dönitz, mkuu wa jeshi lake la majini, akaziondoa zilizobaki katika Atlantiki ya Kaskazini. Hadi vita vinakwisha, karibu watu watatu kati ya kila wanne waliokwenda baharini kwa nyambizi hizo walikuwa wamekufa. Chombo kilikuwa imara, kilizama haraka na kwa kina kuliko vya wengi, lakini kilikuwa kimezidiwa na teknolojia ya wale waliokiwinda.

Marekani ilikuwa na tatizo la aina nyingine kabisa. Pasifiki ni pana, na kutoka Hawaii hadi pwani ya Japani ni safari ya siku nyingi. Ndiyo maana nyambizi za aina ya Gato zilikuwa kubwa: zaidi ya tani 1,500, matundu 10 ya kurushia topido, topido 24, na uwezo wa kusafiri kama kilomita 20,000. Zilikuwa na viyoyozi, jambo ambalo mtu anaweza kulidhani anasa mpaka afikirie mabaharia sabini waliofungiwa ndani ya chuma katika joto la ikweta, na unyevu unaoharibu nyaya za umeme. Zilikuwa na rada nzuri, na mashine ya kukokotoa iliyofuatilia mwendo wa meli lengwa na kuielekeza topido.

Lakini topido yenyewe, Mark 14, ilikuwa mbovu. Katikati ya mwaka 1942 Admirali Charles Lockwood aliamuru ifanyiwe majaribio huko Albany, Australia, kwa kuirusha kwenye wavu wa samaki. Wavu ulionyesha kwamba inapita zaidi ya mita tatu chini ya kina kilichopangwa. Waliporekebisha hilo, kasoro ya kilipuzi cha sumaku (cha kulipua topido ikipita chini ya meli) ikajitokeza, kisha ya kile cha kugonga. Julai 1943 nyambizi Tinosa iliirushia meli moja kubwa ya mafuta topido nyingi, na kadhaa zikagonga ubavuni bila kulipuka. Kwangu mimi hili ndilo somo zito kuliko yote katika ulinganisho huu: kwa karibu miaka miwili watu walihatarisha maisha ndani ya nyambizi nzuri sana kwa silaha isiyolipuka. Kasoro hizo zikarekebishwa, na hadi vita vinakwisha nyambizi za Marekani zilikuwa zimezamisha zaidi ya nusu ya meli za biashara ambazo Japani ilizipoteza.

Japani nayo ilikuwa kinyume. Topido yake ya aina ya 95, iliyotumia oksijeni, ilikwenda mbali zaidi ya maradufu ya Mark 14, na haikuacha mstari wa wazi wa mapovu. Septemba 15, 1942, nyambizi I-19 ilizamisha manowari ya kubebea ndege ya Marekani, Wasp, na topido za shambulio hilo hilo zikagonga manowari nyingine mbili. Ila rada ilichelewa kuzifikia nyambizi zake, na wakuu wake walizielekeza zaidi kuwinda manowari, baadaye kupeleka chakula kwa askari waliokwama visiwani. Hata hivyo, katika Bahari ya Hindi ziliwinda meli za usafirishaji pia. Februari 12, 1944, I-27 iliizamisha karibu na Maldivi meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa njiani kutoka Kilindini kwenda Colombo. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Manowari mbili za Kiingereza, Petard na Paladin, ziliizamisha I-27 siku hiyo hiyo.

Waingereza walihitaji vyombo vidogo kwa maji ya Mediterania, ambako kina si kikubwa kila mahali na ndege huona mbali. Nyambizi zao za aina ya U, zilizotoka Malta, zilikata mizigo ya jeshi la Rommel, jenerali wa Kijerumani aliyepigana Afrika Kaskazini. Moja ya aina ya V, Venturer, iliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-864 karibu na Norwe Februari 1945, zote mbili zikiwa chini ya maji.

Ikabaki aina ya XXI ya Wajerumani. Hii ilikuwa na betri nyingi mno, umbo laini, na bomba la kuvutia hewa ili dizeli ifanye kazi chombo kikiwa kimezama. Ilikimbia kilomita 32 kwa saa chini ya maji, haraka kuliko juu. Ziliundwa 118, na ni mbili tu zilizoanza doria ya vita kabla ya Ujerumani kusalimu amri. Washindi waligawana zilizobaki: Rais Truman wa Marekani alipanda mojawapo, U-2513, huko Key West, Florida, mwaka 1946, na Wasovieti wakatumia mawazo ya aina hiyo ya XXI katika nyambizi walizoziunda kwa wingi miaka ya 1950.