Kihisi-bayo cha mwanga ni nini? Muulize sonara

Mwambie sonara wa Lamu kwamba kuna dhahabu nyekundu, atadhani umeuziwa shaba. Lakini siku atakayoshikwa na homa akaenda zahanati kuchomwa kidole, ataiona kwa macho yake: katika vipimo vingi vya haraka vya malaria, ule mstari mwekundu ni dhahabu.

Kipimo hicho ndicho kihisi-bayo cha mwanga kilicho karibu nasi zaidi. Maana yake ni chombo chenye mlinzi wa asili ya uhai, kama kingamwili, kimeng'enya au uzi wa DNA, anayemjua mtu wake mmoja tu, kisha mwanga ndio unaotoa habari kwamba amemkamata.

Tone la damu likishawekwa na kuongezwa maji yake maalumu, hupanda kwenye ukanda kama mafuta ya taa kwenye utambi. Njiani hukuta kingamwili zilizobebeshwa punje za dhahabu. Damu ikiwa na HRP2, protini inayotolewa na kimelea Plasmodium falciparum, kingamwili hizo huidaka na kwenda nayo. Penye alama ya T kuna kingamwili nyingine zimegandishwa zikingoja. Nazo huishika protini ile ile, na dhahabu hurundikana hapo mpaka ikaonekana. Mstari wa T hata ukiwa hafifu huhesabiwa. Mstari wa C, unaothibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi, usipotokea, kipimo kimeharibika, kitupwe.

Wekundu je? Punje ya nanomita 40 ni ndogo hivi kwamba zipangwe kama 2,000 ndipo zifikie unene wa unywele. Kwa udogo huo elektroni zake huyumba pamoja zikipigwa na mwanga, humeza ukijani, na jicho huachiwa wekundu.

Maabara kubwa hazitegemei jicho. Kioo hupakwa utando wa dhahabu wa nanomita 50 hivi, mwanga ukapigwa kwa chini yake. Kuna pembe moja ya kuupiga mwanga ambayo utando huumeza badala ya kuurudisha. Kitu kikinasa juu yake, iwe protini au sumukuvu ya mahindi, pembe husogea. Watafiti wa Sweden walilionyesha hilo mwaka 1983.

Ila kipimo cha zahanati hakimwoni mdudu mwenyewe, yaani kile kimelea, kinaona protini yake, nayo hukaa damuni wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Ndiyo maana sonara wetu akirudi kupimwa na T ikatokea tena, huulizwa kwanza: dawa ulimaliza lini?